Barua yangu imerudishwa benki kwa sababu ya herufi tatu: “check” au “cheque”?

Mhazini wa Busia

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naandika kutoka Busia, upande wa Uganda. Mimi ni mhazini wa kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa. Wengi wetu tunauza mukene (dagaa) na mahindi sokoni. Kumbukumbu za vikao tunaziandika kwa Kiswahili, kwa sababu ndani ya kikundi kuna Wasamia, Wateso, Wajopadhola na wengine walioolewa kutoka ng'ambo ya mpaka, na lugha inayotukutanisha ni hiyo moja.

Wiki iliyopita kitabu chetu cha hundi kilibaki na karatasi mbili. Nikaandika barua ya kuomba kingine, kwa Kiingereza kama benki inavyotaka. Mwenyekiti na katibu wakatia sahihi, nikagonga mhuri, nikaenda. Kijana wa dirishani aliisoma, akachukua kalamu nyekundu, akazungushia duara neno “check” kila lilipotokea. Lilitokea mara tatu. Akanirudishia barua akasema, “Mama, sisi huku tunaandika ‘cheque’. Hii yako ni ya Marekani. Kaandike upya.”

Kuandika upya maana yake ni kumlipa tena mtu wa kuchapa, kumtafuta mwenyekiti ambaye siku ile alikuwa Tororo, na kufunga meza yangu sokoni nusu siku. Sikugombana naye. Lakini nilipofika nyumbani iliniuma, maana mimi nilisoma mpaka S4 (kidato cha nne) na Kiingereza kilikuwa somo nililolipenda kuliko yote.

Nilipomsimulia binti yangu aliye S2 ndipo akanichanganya zaidi. Anasema yeye akiandika “cheque” kwenye kompyuta ya shule, linapigwa mstari mwekundu chini, kana kwamba amekosea. Kwa hiyo benki inaikataa ya kwangu na kompyuta inaikataa ya benki. Halafu ukienda kwenye jengo lolote Kampala, askari wa getini anakuambia “ngoja nikucheki” na kupekua mkoba. Ni neno lile lile? Askari anayepekua mkoba ana uhusiano gani na karatasi ya kutolea pesa? Na hizo herufi “que” mwishoni zinafanya kazi gani, ikiwa hazitamkwi?

La mwisho: kwenye kumbukumbu zetu katibu anaandika “cheki”, mimi naandika “hundi”. Tumeshindana mpaka wenzetu wamechoka. Naomba mwenye elimu anisaidie, tena anieleze sababu, asiniambie tu “andika hivi”.

---

Mkaazi wa Mbale

Dada, huyo kijana wa benki ana haki. “Cheque” ndiyo ya asili, imetoka Ufaransa, ndiyo maana ina “que”. Wamarekani walipenda kukata maneno yawe mafupi, kama walivyoondoa “u” kwenye “colour”. Kompyuta za shule zinakuja na tahajia ya Marekani. Andika ya Waingereza, sisi ndiyo tuliyosomeshwa.

---

Mwalimu Mstaafu, Bombo

Mama mhazini, pole kwa kufunga meza yako. Nimefundisha Kiswahili na Kiingereza miaka mingi kabla ya kustaafu, na neno hili nililipenda kulifundisha kuliko mengine, kwa sababu lina safari ndefu na sisi Waswahili tumo ndani ya safari hiyo bila kujua.

Ndugu yangu wa Mbale, ushauri wako wa mwisho ni sawa. Lakini kuhusu asili mambo yako kinyume kabisa. Kwa karatasi ya benki, “check” ndiyo iliyotangulia. “Cheque” ilikuja baadaye, na walioiongezea mkia ni Waingereza. Wamarekani hawakukata kitu hapo, walibaki na ile ya zamani. Nayo haikutoka Ufaransa: Wafaransa waliichukua “chèque” yao kwa Waingereza. Nisubiri, nitafika huko.

Mama, anza na mfalme. Mchezo wa sataranji ulianzia Bara Hindi. Kwa Kisanskriti uliitwa chaturanga, yaani wenye viungo vinne, kwa kuwa jeshi la kule lilikuwa na ndovu, magari ya kukokotwa na farasi, wapanda farasi na askari wa miguu. Waajemi wakaupokea, Waarabu wakaupokea kwa Waajemi, na jina likawa linageuka kila linapovuka mpaka, hata sisi likatufikia kama sataranji. Sasa, mchezaji wa Kiajemi alipomtishia mfalme wa mwenzake alitamka neno moja: shah! Mfalme! Ndiyo kusema, mwangalie mfalme wako, yuko hatarini.

Neno hilo la kuonya ndilo lililosafiri. Waarabu wakalipeleka Ulaya pamoja na mchezo. Katika Kilatini cha zama zile likawa scaccus. Wafaransa wa kale wakasema eschec. Waingereza, ambao tangu 1066 walitawaliwa na watu kutoka Normandy waliosema Kifaransa, wakalikata kichwa wakabaki na “chek”. Hata jina la mchezo wenyewe kwa Kiingereza, “chess”, ni uwingi wa neno hilo hilo kwa Kifaransa cha kale. Ukisema “chess” umesema “wafalme”.

Na sisi je? Fungua kamusi ya Kiswahili utafute “shaha”. Utakuta kiongozi, mtu mwenye cheo, na mpaka leo bingwa wa mashairi huitwa shaha wa malenga. Ni shah yule yule wa Uajemi. Kwa hiyo “shaha” la Kiswahili na “check” la Kiingereza ni watoto wa baba mmoja: mmoja alishuka na majahazi ya pepo za kaskazi mpaka pwani yetu, mwingine alizunguka kwa nchi kavu mpaka London. Walipokutana hapa Uganda, mmoja akiwa benki na mwingine kwenye diwani ya mashairi, hawakutambuana.

Maana nazo zilipanuka hatua kwa hatua. Mfalme wako akitishiwa, mipango yako yote inasimama papo hapo. Huwezi kufanya jambo lingine mpaka umemwokoa. Kwa hiyo “check” ikawa kusimamishwa ghafla. Kutoka hapo ikawa kuzuia, kudhibiti. Na ili uzuie wizi au kosa ni lazima ukague, basi ikawa kukagua, kuhakikisha. Hapo ndipo alipo askari wako wa getini. Anapokucheki mkoba, anafanya kazi ya mchezaji wa Kiajemi: simama kwanza, tuone. Na sisi tumelichukua hilo la kukagua tukaliendesha tunavyotaka: nitakucheki kesho, cheki kule, amecheki simu yake. Ni Kiswahili cha mtaani, lakini Kiswahili.

Sasa njoo kwenye “que”, na hapa ndipo wewe kama mhazini utapendezwa.

Ubao wa sataranji kwa Kifaransa cha kale uliitwa eschequier. Katika karne ya 12 wafalme wa Uingereza walikuwa na meza ya kukagulia mapato. Mtu mmoja aliyekuwa mweka hazina wa mfalme, Richard FitzNeal, aliieleza meza hiyo kwa maandishi mwishoni mwa miaka ya 1170. Anasema urefu wake ulikuwa kama futi 10, upana futi 5, na pembeni ilikuwa na ukingo wa kiasi cha vidole vinne ili kitu kilichowekwa juu kisianguke. Juu yake walitandika kitambaa cheusi chenye mistari, kati ya mstari na mstari futi moja au shubiri moja. Kwenye nafasi hizo waliweka vihesabio, safu moja ya peni, moja ya shilingi, moja ya pauni, nyingine ya pauni 20, ya mamia, ya maelfu. Ni kama kuhesabu kwa kokoto kwenye mashimo ya omweso, ule mchezo wetu wa bao. Watu wengi hawakujua kusoma, lakini kila aliyesimama pale aliona kwa macho yake kiasi kilicholetwa na kiasi kinachodaiwa.

FitzNeal anaeleza pia kwa nini meza ilipewa jina la ubao wa sataranji. Kwanza umbo. Pili, anasema, kama vile kwenye ubao majeshi mawili hupambana, ndivyo kwenye meza ile wanavyopambana watu wawili, huku wengine wamekaa kama waamuzi: upande mmoja mweka hazina, upande wa pili liwali wa wilaya aliyekuja kutoa hesabu ya kodi. Mhazini, Mama. Wewe ndiye uliyekaa upande mmoja wa ubao huo.

Meza ikaipa ofisi jina lake: “exchequer”. Hiyo “ex” mwanzoni ni kosa la waandishi walioona “es” ya Kifaransa wakadhani ni Kilatini. Mpaka leo waziri wa fedha wa Uingereza cheo chake kina neno hilo, akisoma bajeti ya karne ya 21 kwa jina la kitambaa cheusi.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1700, “check” likaanza kutumika kwa kile kipande kinachobaki kwenye kitabu wakati karatasi yenyewe imekatwa na kutoka. Kipande hicho kilikuwa ndicho mkaguzi: ukiletewa karatasi, unailinganisha nacho, ukijua imeghushiwa au la. Baadaye jina likahama kutoka kwenye kipande kilichobaki likaenda kwenye karatasi iliyotoka. Hata miaka ya 1800 ilipoanza, Waingereza wenyewe bado waliandika “check” kwa karatasi ya benki. Kidogo kidogo katika karne hiyo, watu wa benki wakiliangalia neno “exchequer” lenye heshima ya serikali na fedha, wakaivuta tahajia ya neno lao ilingane nalo. Ndiyo asili ya “que” yako. Haitamkwi kwa sababu haikuja kutamkwa. Ilikuja kutenganisha karatasi ya pesa na kazi ya kukagua, na kuipa sura ya ofisi kuu.

Kwa hiyo barua yako ya kwanza haikuwa na kosa la ujinga. Uliandika neno kama walivyoliandika Waingereza wa zamani na kama wanavyoliandika Wamarekani wa leo. Lakini Uganda tulirithi tahajia ya Uingereza shuleni, mahakamani na benki, na barua ya ofisi hufuata desturi ya ofisi. Andika “cheque” kwa karatasi ya pesa, na “check” kwa kukagua. Binti yako naye amwombe mwalimu abadilishe lugha ya kompyuta iwe Kiingereza cha Uingereza, ule mstari mwekundu utaondoka chini ya “cheque”.

---

Mkaazi wa Mbale

Mwalimu, nimekubali. Miaka yote hii nilikuwa nawafundisha watoto wangu habari ya Ufaransa. Asante kwa kunisahihisha mbele ya watu bila kuniaibisha.

---

Karani wa zamani, Jinja

Nimefanya kazi dirishani, kwenye benki ambayo sitaitaja, tangu enzi za leja za mkono mpaka kompyuta zilipoingia. Naongezea pale Mwalimu alipogusa kipande kinachobaki, kwa sababu nimeona vikundi vingi vikipata taabu kwa kukidharau.

Kabla ya karatasi, hazina hiyo hiyo ya Uingereza ilitumia vijiti. Walichukua kijiti, wakakata alama ubavuni kulingana na kiasi, alama pana kwa maelfu na nyembamba kwa peni, halafu wakakipasua kwa urefu. Aliyetoa pesa aliondoka na nusu moja, na nusu ya pili ilibaki hazina. Siku ya hesabu nusu mbili ziliwekwa pamoja. Alama zisipokutana, mmoja wao amedanganya. Huwezi kuongeza alama upande wako bila upande wa pili kukuumbua. Vijiti hivyo vilitumika karne na karne. Walipoamua kuvichoma vilivyobaki, Oktoba 1834, waliviingiza kwenye tanuri za kupashia moto jengo la Bunge, moto ukazidi, na sehemu kubwa ya jumba la Westminster ikateketea.

Mama mhazini, kitabu chako cha hundi ni kile kijiti. Unapokata karatasi kwenye ule mstari wa vitobo, umepasua kijiti. Kinachobaki mkononi mwako ni nusu ya pili. Nimeona wahazini wanaacha kipande hicho kitupu, “nitajaza jioni”. Jioni haifiki. Mwaka ukiisha kikundi kinagawanyika, mmoja anasema laki tatu, mwingine laki nane, na hakuna kinachoweza kuwaamulia. Jaza kipande kwanza, ndipo ujaze hundi: tarehe, jina, kiasi, kazi ya pesa, na salio lililobaki.

Na kuna neno moja dogo ambalo naliheshimu sana kwenye hundi. Baada ya kuandika kiasi kwa maneno, tunamalizia na “tu”. Shilingi laki tatu na nusu tu. Halafu unavuta mstari mpaka mwisho wa nafasi. Mtu alishaniletea hundi iliyoandikwa “Shilingi laki tatu”, bila “tu”, bila mstari. Mbele yake palikuwa pameongezwa “na elfu tisini”, na kwenye tarakimu sifuri ya tano kutoka kulia ilikuwa imegeuzwa tisa. Wino ulikuwa wa bluu wote, lakini nilipoiinua kwenye mwanga wa dirisha ule wa nyongeza ulikuwa umepauka kidogo, na ile tisa ilikuwa na tumbo la duara mno, kama sifuri iliyoota mguu. Nilimpigia simu mwenye akaunti kabla ya kugusa muhuri. Alikuwa mzee wa duka la mbao. Alikuja mbio na ndala. Kama angeandika herufi mbili tu, t na u, yule mtu asingepata pa kushika.

Kwa hiyo Mwalimu anaposema “check” ni kuzuia, kwangu hilo si jambo la vitabuni. Kila kitu kwenye ile karatasi kimewekwa kuzuia: kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, mistari miwili ya pembeni ili pesa ziingie kwenye akaunti tu zisitolewe taslimu dirishani, sahihi mbili au tatu za kikundi.

Kuhusu kijana aliyekurudisha: angeweza kuipokea barua yako. Tahajia ya “check” haibadilishi ombi, na sahihi zilikuwepo. Mimi ningekuonyesha kosa, nikaipokea. Pole.

---

Mcheza sataranji, Kampala

Shikamooni wazee wangu. Mimi ni kijana, nacheza chess wikendi na wenzangu hapa Kampala, na sikuwahi kujua kwamba kila ninapotamka “check” nasema mfalme kwa Kiajemi. Nimewasomea wenzangu maelezo ya Mwalimu wakati tunapanga kete, wakanyamaza wote.

Nina swali na nina nyongeza. Swali ni “checkmate”. Kocha wetu anasema maana yake ni “mfalme amekufa”, na kwa kuwa sisi tunasema “mauti” naona inaingia. Ni kweli?

Nyongeza ni kwamba kwetu sisi jeshi lile limebadilika sura njiani. Yule mnayemwita malkia kwenye ubao, kwa Waarabu na Waajemi alikuwa waziri, na alikuwa anakwenda hatua moja tu ya mshazari. Ulaya ndiko alikogeuzwa mwanamke, na mwishoni mwa karne ya 15 akapewa nguvu ya kwenda mbali upande wowote. Askofu naye alikuwa ndovu. Wahispania mpaka leo wanamwita alfil, na hilo ni neno la Kiarabu la ndovu.

Na watu wasidhani huu ni mchezo wa mbali. Phiona Mutesi alijifunzia mtaa wa Katwe, hapa Kampala, akaiwakilisha Uganda kwenye Olimpiki ya chess huko Khanty-Mansiysk, Urusi, 2010, na 2012 huko Istanbul akapata cheo cha kimataifa. Watoto wengi wa mitaa yetu waliinua macho kwa sababu yake. Mimi mmoja wao.

---

Mwalimu Mstaafu, Bombo

Marahaba kijana wangu. Kocha wako hajasema uongo, maelezo hayo ni ya zamani na yameenea: shah mat, na mat ikafananishwa na mata la Kiarabu, amekufa, ambalo ni jamaa ya “mauti” yetu. Lakini wataalamu wengi wa Kiajemi husema mat kwao ni aliyeduwaa, aliyekwama, asiye na la kufanya. Ukiutazama mchezo wenyewe utaona maana hiyo inakaa vizuri zaidi. Mfalme kwenye ubao hauawi. Haondolewi hata siku moja. Anabakia amesimama, kila mlango umefungwa, na mchezo unaisha yeye akiwa hai. Mimi nachagua hiyo.

Karani wa Jinja, umenifundisha. Habari ya “tu” nitaikumbuka.

Mama, nilisahau swali lako la mwisho, la “cheki” na “hundi”. Yote mawili ni Kiswahili na yote mawili ni mageni yaliyokaribishwa. “Hundi” lilikuja na wafanyabiashara wa Kihindi. Kwao hundi ilikuwa barua ya biashara: wewe uliye mji ule, mlipe mwenye karatasi hii kiasi hiki. Mtu aliweza kutoka mji mmoja mpaka mwingine bila kubeba gunia la sarafu barabarani. Wakati wafanyabiashara kama Alidina Visram, aliyeanzia Bagamoyo na kufariki 1916, wanafungua maduka mpaka Kampala, neno hilo lilikuwa limeshazoeleka pwani. Kwa hiyo “hundi” ina umri mkubwa kwetu, na inataja kazi ya karatasi yenyewe. “Cheki” tumeshaipa kazi nyingine nyingi. Ukiandika kwenye kumbukumbu “mhazini acheki cheki”, msomaji wa kesho atasimama. Ukiandika “mhazini akague hundi”, hakuna atakayeuliza. Kwa hiyo nakuunga mkono wewe, lakini mwambie katibu hajakosea Kiswahili. Amechagua tu neno lenye kazi nyingi mno.

Nasema haya kwa moyo kwa sababu wakati nafundisha, Kiswahili Uganda kilionekana lugha ya kambini na barabarani tu. Hapa Bombo tulikisema nyumbani, na bado watoto wetu waliambiwa shuleni hakina maneno ya ofisi. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kiwe lugha rasmi, na shule zinakifundisha. Basi maneno ya ofisi tunayo. Hundi, hazina, salio, leja, amana, riba, dhamana. Kikundi cha wauza mukene wa Busia kinayatumia kila wiki bila kuambiwa na mtu.

---

Mhazini wa Busia

Nimesoma yote mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa na katibu. Wote mbarikiwe.

Barua nimeipeleka tena Jumanne, “cheque” mara tatu. Kijana ni yule yule. Aliipokea, na mimi nikamwambia kwa upole kwamba Waingereza wenyewe waliwahi kuandika kama nilivyoandika mwanzo. Alishangaa. Akaniuliza nimejuaje, nikamsimulia habari ya meza na kitambaa cheusi mpaka watu wa nyuma yangu wakaanza kukohoa. Akaniandikia namba ya simu niulizie kitabu kikifika, nisije bure.

Katibu amekubali “hundi” tuliposoma lile la “acheki cheki”. Lakini ameomba kwenye kumbukumbu tuandike pia kwamba kabla ya kikao kuanza, mhazini na mwenyekiti waweke vipande vya kitabu na taarifa ya benki mezani, kila mmoja akae upande wake, na wanachama wawili wakae kama waamuzi. Tumelipitisha. Jana tumefanya mara ya kwanza na zile karatasi mbili za mwisho. Kwenye kipande kimoja cha nyuma nilikuwa nimeandika kiasi bila jina la aliyelipwa. Ni mimi mwenyewe nilikiacha hivyo mwezi wa pili, siku ya mvua, tulipomlipa mwenye mashine ya kusaga. Tumekaa dakika ishirini mpaka tukapata risiti yake. Nimekijaza mbele ya wote.

Karani, “tu” nilikuwa naiandika, ila mstari sikuwa navuta. Sasa navuta kwa rula.

Binti yangu anakuuliza, kijana wa Kampala: anataka kujifunza huo mchezo, na huku kwetu hatujaona ubao unauzwa. Aanzie wapi?

---

Mcheza sataranji, Kampala

Asianze na kununua, Mama. Achukue boksi la katoni, achore miraba 8 kwa 8, jumla 64, sawa na kete za omweso. Atie wino kwenye mraba mmoja na kuacha wa pili. Vizibo vya soda 32 vinatosha: 16 vya rangi moja, 16 vya nyingine, kama wanavyofanya vijana wa boda kwenye drafti. Juu ya kila kizibo abandike karatasi yenye herufi ya kwanza ya jina la kete: M wa mfalme, W wa waziri, N wa ndovu, F wa farasi, G wa gari, A wa askari. Tulifanya hivyo sisi pia. Akishapanga, anitumie ujumbe hapa nimwonyeshe hatua ya kwanza.